Sauti ya Kupachikwa

Barua ya mama yake ilifika Jumanne, na Ellis Sagar aliisoma akiwa amesimama jikoni kwake London, mswaki mdomoni. Mama aliandika kwa penseli kama kawaida yake, herufi kubwa zimeegemeana kama walevi wawili wanaorudi nyumbani. Hajambo, ila kifua kinamsumbua. Paka wa jirani amekufa. Kisha akasema: Jumamosi ile filamu yako inaonyeshwa mchana hapa Regal, na sisi wanawake wa banda la mashine tumeshika viti arobaini na kitu vya chini. Crossdale mtoto naye atakuja, eti atakaa juu na mkewe. Njoo, mwanangu. Nataka uwe umekaa karibu nami wakati unamwambia.

Wakati unamwambia. Ellis aliyasoma maneno hayo mara mbili, akatema povu kwenye sinki, akangoja moyo ustuke. Haukustuka. Akasuuza mdomo, akaikunja barua, akaiweka chini ya sahani ya siagi.

Kwa maana katika filamu ile hamwambii tena.

Asiyeijua habari ya Jabez Sagar, baba yake Ellis, hataielewa barua hiyo, nasi wa Hagden, mji wa wafumaji, hatujachoka kuisimulia. Ilikuwa mwaka wa thelathini na mbili. Mzee Crossdale, mwenye kiwanda cha nguo, alitaka kila mfumaji asimamie mashine sita badala ya nne, na wenzao wanaobaki bila mashine waende wanakojua. Wafumaji wakagoma. Wakaletwa askari kwa mabasi, watu wa mbali wasiokuwa na shangazi wala binamu Hagden, maana askari wa hapa wangepiga kwa aibu. Jabez alikuwa amesimama kwenye ngazi za kanisa la Methodisti, mkononi ana orodha ya nyumba zilizokosa mkate. Hakuwa na jiwe wala fimbo. Rungu likampata nyuma ya sikio, na baada ya siku kumi na moja akafa. Wakakaa waheshimiwa, wakachunguza, wakaandika kwamba marehemu aliteleza kwenye jiwe lenye maji. Mwezi ule mvua haikuwa imenyesha wiki tatu. Kabichi zilikuwa zimenyauka bustanini. Hayo maji ya jiweni yalitoka wapi, Mungu anajua, na Crossdale alijua.

Ellis alikuwa na miaka sita. Mama yake, Hannah, alimzika mumewe Ijumaa na Jumatatu akarudi kwenye mashine, sita, si nne.

Banda lile lilikuwa na mashine mia nane chini ya paa moja, na kelele yake hata leo waliotoka humo wanaisikia wakilala. Hakuna sauti ya binadamu inayopita pale. Kwa hiyo wafumaji wa kwetu walijifunza kusema kwa midomo bila sauti, na kusoma midomo ya wenzao kutoka mwisho mmoja wa banda hadi mwingine. Walitaniana hivyo, wakasutana, wakaombana uzi, wakapeana habari za mimba na za misiba. Hata nje ya kiwanda usithubutu kumsengenya mfumaji ukiwa ng'ambo ya barabara, atakujibu. Masikio ya Hannah yalikufa kabisa alipokuwa na miaka arobaini. Mezani kwake mtoto alisema kwa uso mzima au hakusema.

"Fungua mdomo," alikuwa akimwambia Ellis, akimshika kidevu. "Usinitafunie maneno. Ulimi niuone. Neno linaanzia kooni, mwanangu, mimi nalisubiri huko huko."

Baadaye wakosoaji wa magazeti ya London waliandika kwamba Sagar ana uso unaosema. Hawakujua nani aliufundisha.

Akiwa na miaka kumi na minne aliingia bandani. Akiwa na kumi na minane vita vikamchukua, na jeshini ikagundulika kwamba anaweza kuigiza, akawekwa kwenye kundi la kuwachekesha askari. Vita vilipokwisha alipata kazi katika jumba dogo la maonyesho upande wa Yorkshire, mchezo mpya kila wiki, asubuhi unajifunza wa wiki ijayo, jioni unaigiza wa wiki hii. Huko alikutana na mwalimu wa sauti, Bibi Venables, aliyemtia kizibo cha chupa katikati ya meno akamwambia aseme mashairi.

"Sagar, hapa hatuuzi samaki," alimwambia. "Hiyo sauti yako iache mlangoni pamoja na mwavuli."

Akaiacha. Alipokwenda kuichukua haikuwapo tena.

Halafu sinema. Alikuwa dereva wa jenerali. Alikuwa mpishi wa manowari. Alikuwa koplo anayesema "Ndiyo, bwana," kisha bomu linaanguka. Kule Hagden watoto walikuwa wakibishana atafika dakika ya ngapi kabla hajafa, na akirudi likizo wanawake walimwita kutoka ng'ambo ya barabara kwa midomo mitupu: "Umekufa tena, kipenzi?" Naye alijibu hivyo hivyo, bila sauti: "Nimezama safari hii." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Alikufa mara kumi na nne katika miaka tisa. Waliobaki hai hadi mwisho wa filamu, wakamwoa msichana, walikuwa vijana wa wenye mashamba makubwa, waliosoma shule zenye viwanja vya nyasi. Vita vilevile vilivyowala watoto wa Hagden, kwenye kitambaa cha sinema walivishinda watu wengine.

Hayo Ellis aliyaona, mwanzoni yalimkasirisha. Kisha siku moja akiwa amelala kwenye matope ya studio, damu ya rangi ikimkaukia shingoni, mtu wa vipodozi alimuuliza kama anasikia baridi, na Ellis akagundua kwamba hajui. Alijichunguza kwa makini kama mtu anayepapasa mifuko. Hakukuta kitu. Tangu hapo mambo mengi yalimpitia namna hiyo, hata kifo cha rafiki, hata kuachwa na mwanamke aliyempenda.

Ndipo ikaja filamu ya mgomo.

Mwongozaji wake alikuwa Laurie Penhallow, mtoto wa watu wenye nafasi lakini mwenye moyo, aliyekuwa amesoma magazeti ya zamani ya mwaka ule akapandwa na hasira. Kiwanda kwenye filamu kilipewa jina jingine, mji jina jingine. Ellis alipewa nafasi ya mfumaji kijana anayeingia ofisini kwa mwenye kiwanda, mara ya kwanza katika maisha yake kupewa nafasi ya mtu asiyekufa. Siku moja wakila mkate alimsimulia Penhallow habari ya baba yake, kwa sauti bapa kama anayesoma ratiba ya treni.

Penhallow aliacha kutafuna. "Zitupe karatasi za maneno yako," alisema. "Kesho ingia pale ofisini useme hivyo hivyo."

Akaingia, akasema. Kamera ilikuwa karibu, uso wake peke yake. "Uliwaita wewe. Walimuua baba yangu kwenye ngazi za kanisa, na wewe ukaandika kwamba ameteleza. Mvua haikunyesha." Alisema kwa uso mzima, kama mezani kwa mama yake, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya Hagden. Sijui ilikuwa imejificha wapi. Fundi mmoja wa taa alivua kofia. Penhallow hakuomba kurudia. Siku ileile Ellis alimwandikia mama yake mstari mmoja: Nimemwambia.

Miezi mitatu baadaye wakaja wanasheria wa kampuni. Wakasema hata majina yakibadilishwa, kila mtu atajua ni akina nani. Wakasema Crossdale mtoto sasa ni Sir Miles, na ana marafiki wanaokula meza moja na wenye mtaji wa filamu. Penhallow alibishana, akaambiwa akapumzike Ufaransa. Picha haikuweza kupigwa upya, ofisi iliyojengwa studioni ilikuwa imeshavunjwa. Kwa hiyo wakaamua kuuacha uso, waondoe sauti.

Wakamwita Ellis kwenye chumba cha giza ambako kipande cha filamu kilikuwa kimeungwa ncha kwa ncha, kinazunguka. Kila baada ya sekunde kumi na moja uso wake ulitokea, ukasema, ukapotea, ukatokea tena. Bwana mmoja mpole aitwaye Tuffnell, mwenye makombo ya biskuti kwenye sweta, alikuwa amekaa wiki nzima akitafuta maneno mapya yatakayolingana na mwendo wa midomo ileile. Alikuwa mtu wa kuipenda kazi yake.

"Ukikataa watamleta mwingine afanye sauti yako," Tuffnell alimwambia, bila kumtisha, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Na mkataba wa filamu tatu sijui watasemaje. Lakini wewe ukifanya itakaa vizuri zaidi. Nimelinganisha mpaka pumzi. Hata mama yako mzazi hatajua."

Ellis alicheka kwa adabu.

Atakayesema alilazimishwa anasema uongo. Mlango ulikuwa wazi na koti lake lilikuwa pale pale kwenye msumari. Alivaa visikilizio masikioni, akaitazama midomo yake mwenyewe, na mara ya tisa akapatia. "Labda sote tulikosea, bwana. Baba yangu alikuwa mtu mkaidi, na kijana wako anaomba yaishe. Tusameheane." Aliigiza vizuri. Hilo ndilo baya, aliigiza vizuri sana, mpaka Tuffnell akapangusa miwani. Kisha wakanywa chai.

Kwa mama yake hakuandika neno. Kila wiki alisema ataandika. Alijua kwamba mama hatasikia sauti, lakini alijua pia kwamba mama hahitaji sauti. Tuffnell amelinganisha midomo, na mama atasoma kwenye midomo kwamba mwanawe amempigia magoti mtoto wa Crossdale. Hilo tu ndilo lililobaki duniani ambalo Ellis alidhani anaweza kuliogopa. Hata hofu hiyo aliiona kwa mbali, kama moto wa nyumba ya watu wengine.

Jumamosi alishuka Hagden saa tano asubuhi. Shangazi yake Tamar, dada yake Jabez, alikuwa amekaa mlangoni kwa Hannah akimenya vitunguu vya kupikia matumbo.

"Alaa! Maiti yetu imefika," alisema Tamar. "Hannah! Njoo umwone mwanao, kavaa koti la mwenye nyumba." Kisha akakumbuka kwamba Hannah hasikii, akapiga mguu chini mara mbili, na mama mtu akatokea, kwa sababu mtikisiko wa sakafu aliusikia kwa nyayo.

Hannah alimshika mwanawe kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga. "Umekonda. Hawakulishi? Ingia ule. Umechelewa, tulisema saa nne."

"Treni, mama."

"Treni ya nani? Ya kwako hiyo, ya wengine inafika."

Alikula matumbo na siki, mkate na mafuta ya nyama. Alisema chakula kitamu. Tamar alikuwa haishi kuongea: nani atakaa wapi, nani kashona nguo mpya, Seth Blezard katibu wa chama cha wafumaji kasema atavaa tai aliyovaa siku ya mazishi ya Jabez.

"Mama," Ellis alisema, akihakikisha anamtazama. "Kifua chako hicho. Pale Regal kuna moshi wa sigara. Kwa nini usipumzike tu?"

"Kifua kitakohoa hata nikikaa hapa."

"Na filamu yenyewe... si kama unavyofikiri. Wamekata sana."

Hannah alimtazama kwa muda, si machoni, mdomoni, kama kawaida yake. "Wamekukata wewe?"

"Hapana. Nipo."

"Basi," alisema mama, akaondoa sahani.

Alikuwa na nafasi ya kumwambia pale. Alikuwa nayo tena walipokuwa wakivaa makoti, na tena njiani, wakiteremka barabara ya mawe katikati ya wanawake waliokuwa wakitoka milangoni wawili wawili, nywele zimefungwa, midomo inakwenda. Hakuitumia. Alitembea akiwa amemshika mama mkono, akiwapungia watu.

Wakakaa safu tatu za mbele, wafumaji arobaini na wawili kwa hesabu ya Tamar, wengi wao viziwi nusu au kabisa. Wanaume na vijana walikaa nyuma. Juu, kwenye viti vya velveti, Sir Miles Crossdale aliingia na mkewe mwenye manyoya shingoni, akainamisha kichwa kidogo kwa mji mzima. Taa zikazimwa. Filamu ilikwenda kama zinavyokwenda. Wanawake walicheka walipoona jinsi waigizaji wa London wanavyoshika uzi. "Hebu mtazame huyo," Tamar alinong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, "angefanya kazi kwetu angekuwa hana vidole." Ellis alihesabu dakika. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, naye aliitazama kama mikono iliyosahauliwa pale na mtu aliyeondoka.

Mlango wa ofisi ukafunguka, uso wake ukajaa kitambaa kizima. Ikatoka sauti laini, ya kujuta: Labda sote tulikosea, bwana.

Nyuma mwanaume mmoja alisema, "Ah!" kama aliyekanyagwa. Kisha mama mmoja wa safu ya pili, Peggy Hartley, mwanamke mzito asiyeinuka hata kanisani, aliinuka. Akainuka wa pembeni yake. Akainuka Tamar. Safu tatu zikasimama, na wanawake wakaanza kupiga sakafu kwa viatu vyao vya mbao, kama walivyokuwa wakipiga bandani msichana anapoolewa, mpaka vumbi likapanda kwenye mwanga wa filamu. Wengine walikuwa wanalia. Hannah hakusimama. Alikuwa ameushika mkono wa mwanawe, anautazama uso mkubwa, na midomo yake inafuatisha bila sauti: kwenye ngazi za kanisa... na wewe ukaandika...

Ellis alielewa taratibu, kama mtu anayeamka kutoka usingizi wa dawa. Tuffnell alilinganisha midomo kwa macho ya watu wanaosikia. Mwenye kusikia huongozwa na sikio, na jicho hukubali. Lakini wale hawakuongozwa na sikio. Walisoma koo, walisoma ulimi, walisoma shavu, na koo na ulimi na shavu vilikuwa bado vimesema kweli. Katika London yote hakuna aliyekumbuka kwamba kuna watu wa namna hiyo duniani. Hata yeye, aliyezaliwa na mmoja wao.

Juu, Sir Miles naye alisimama. Alikuwa amesikia alichosikia: mtoto wa mfumaji anaomba yaishe. Na sasa anawaona wafumaji wamesimama, wanalia, wanapiga miguu. Akaguswa sana. Akawapungia mkono.

Taa zilipowaka watu walimiminika ukumbi wa nje, na hapo ndipo Seth Blezard alipomfikia Ellis. Seth alifanya kazi maisha yake yote ghalani, mbali na mashine, na masikio yake yalikuwa mazima. Tai ya mazishi ilikuwa shingoni.

"Mkaidi," alisema. "Baba yako alikuwa mtu mkaidi. Nimelibeba jeneza lake mimi, upande wa kushoto, mbele. Yaishe, eh? Tusameheane?"

Tamar aliingia katikati. "Seth Blezard, umelewa mchana? Mtoto kamwambia Crossdale usoni, mbele ya mji mzima!"

"Kamwomba msamaha!"

"Kamwambia kamuua Jabez! Nimemwona!"

"Mimi nimemsikia, Tamar! Nina masikio!"

"Nasi tuna macho. Mwenye macho haambiwi tazama, Seth. Arobaini na wawili tumeona neno moja, wewe peke yako na masikio yako yenye nywele..."

"Si mimi peke yangu. Waulize wote waliokaa nyuma. Muulize yeye."

Watu wakawazunguka. Kila kundi lilikuwa linajua lilichopata, na kila kundi liliwaona wenzao wamerukwa na akili. Hannah hakuwa amefuata ugomvi wote, midomo ilikuwa mingi. Lakini jina la mumewe aliliona, na neno msamaha aliliona kwa Seth. Akamgeukia mwanawe. Akamtazama mdomoni, akangoja.

Angeweza kusema, Seth kakosea. Wanawake wangemwamini, na Hannah angekufa siku yake ikifika akiamini hivyo. Au angeweza kusema hakujua, kwamba sauti ile ni ya mtu mwingine; wangapi wangebisha? Vyote viwili vilimpitia kichwani vikiwa vimeandaliwa, kama mistari ya kuigiza. Nyuma ya Seth alikuwapo mwandishi wa gazeti na daftari. Sir Miles alikuwa anashuka ngazi. Ellis hakutaka hao wasikie. Kwa mama tu, alijiambia. Akaondoa sauti, akafungua mdomo kama alivyofunzwa, akamwambia kwa midomo:

"Kwanza nilisema kweli, ndiyo hiyo mliyoona. Kisha walitaka sauti ibadilishwe. Sauti inayoomba msamaha ni yangu. Nilikwenda mwenyewe. Hakuna aliyenishika."

Alikuwa amekaa London muda mrefu mno. Katika Hagden hakuna jambo linaloambiwa mtu mmoja kwa midomo. Alipofunga kinywa, ukumbi wote upande wa wanawake ulikuwa umeshasoma. Peggy Hartley, karibu na mlango, hatua ishirini kutoka hapo, alikuwa ameweka mkono shavuni. Wanaume wakabaki wanatazamana.

"Kasema nini?" Seth aliuliza. "Tamar, kasema nini?"

Tamar alifunga kitambaa chake cha kichwa.

Wakati huo Sir Miles alikuwa amefika, mkono mbele. "Umenigusa sana, Sagar. Lile neno la kusameheana. Nadhani hata baba yako angefurahi." Na mkono wa Ellis ukatoka wenyewe, ukashikwa, ukatikiswa, wakati mama yake amesimama pale. Hakuhisi joto wala baridi ya kiganja kile. Mwandishi aliandika kitu daftarini.

Wanawake waliondoka bila kusema. Na kwa watu wale kutosema si kufunga mdomo. Ni kugeuza uso. Walimpita mmoja mmoja, wote wametazama ukutani, ili asiwepo wa kusoma mdomo wake wala yeye asisome wa mtu. Waliomnyonyesha walipita hivyo. Waliomcheka akizama walipita hivyo. Hivyo ndivyo walivyowapita waliovunja mgomo mwaka wa thelathini na mbili, na wawili kati ya hao walikuwa bado hai, bado wanapitwa.

Alirudi nyumbani nyuma ya mama yake, kama hatua tatu nyuma. Mama hakumfukuza. Aliacha mlango wazi, akavua koti, akaweka birika motoni. Jua la alasiri lilikuwa dirishani, na Hannah alisimama akilitazama, mgongo kwake.

"Mama," Ellis alisema. Alijua hasikii. "Jumatatu nina kazi. Filamu ya pili ya mkataba. Nimepewa sajini wa polisi." Birika lilianza kuvuma. "Wanasema ni sajini mwema. Ana mke, na mbwa." Alisubiri sauti yake isimame, lakini iliendelea, laini, imenyooka, sauti ya Bibi Venables. "Nilidhani ungenichukia. Nilidhani nikikuambia nitahisi kitu, chochote kile. Ningefurahi hata kama ni maumivu."

Akamsogelea, akamwekea mkono begani, kama anavyoitwa kiziwi.

Hannah aligeuka. Hakumtazama machoni, wala mdomoni. Aliutazama ule mkono, akauondoa begani kwa vidole viwili, polepole, kama mfumaji anavyoondoa kipande cha uzi mbovu kwenye kitambaa, akauweka kando yake. Akamimina chai, akatia maziwa na sukari kama anavyopenda mwanawe, akaisogeza mezani mbele ya kiti.

"Inapoa," alisema kwa ile sauti yake kubwa ya bandani, isiyopanda wala kushuka. Kisha akageukia dirisha.

Ellis akaketi, akainywa.